Inchi ya Kupigia Randa

Ukimpa Zedekiah kipimo cha kabati, ujue atakata mbao ndefu kuliko ulivyosema. Si kwamba hasikii. Anasikia vizuri sana, anakiandika kipimo chako kwa penseli juu ya ubao wenyewe, halafu anaongeza inchi moja. Inchi hiyo anaiita ya kupigia randa. Wateja wa Ngong Road, hasa wale wa haraka wanaoegesha gari nusu barabarani, humcheka wakidhani ni uzee. Lakini ubao uliozidi anaupunguza kwa randa mpaka ukae sawasawa, na katika miaka yote aliyofanya kazi chini ya turubai lake, ng'ambo ya nyumba za Woodley, hajawahi kuharibu mbao za mtu.

Tabia hiyo haikubaki kazini. Akialikwa harusi ya saa nne, saa tatu yupo, anawasaidia kupanga viti. Akimnunulia mjukuu wake viatu, ni vya kumtosha mwaka ujao, na mtoto anatembea navyo akivikokota kama bata. Mkewe Caren alikwisha kumzoea. "Baba Okinyi," alikuwa akimwambia, "wewe hata mbinguni utafika kabla hawajafungua geti."

Caren aliuza vitambaa vya pazia Ngara. Alikuwa na sauti ya kuita wateja ambayo ilisikika mpaka kwa wauza vyombo upande wa pili, na uvimbe ulipoanza kumtoka shingoni alidhani ni kwa sababu ya kupiga kelele. Akajifunga skafu, akaendelea kuita. Uvimbe nao ukaendelea. Walipofika hospitali wakaambiwa ni saratani ya tezi ya shingo, na tezi yote ikatolewa kwa upasuaji. Wakashukuru Mungu, wakachinja kuku nyumbani Mutuini, wakadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Daktari wao, mwanamke wa Kisikh aitwaye Taranjit, mpole wa maneno lakini asiyezunguka, aliwaketisha akawaambia kwamba kisu hakimalizi kila kitu. Kuna punje zilizobaki. Kuna dawa ya kuzimaliza, iodini yenye mionzi, ambayo Caren angeimeza kama anavyomeza dawa ya malaria.

"Daktari, mimi sikusoma sana," Caren akasema. "Lakini mionzi si ndiyo hiyo hiyo inaleta kansa?"

"Inaweza kuleta, Mama. Sitakudanganya." Taranjit aliweka kalamu chini. "Kwa hivyo tunapima. Mabaki ya ile tezi yanapenda iodini kama mtoto anapenda sukari. Ukiimeza, yenyewe ndiyo itaikimbilia, na mionzi itayaua hapo hapo. Mdomo unaweza kukauka. Baadaye, kuna hatari ndogo ya ugonjwa mwingine, ndogo sana, lakini ipo. Ukiacha, hiyo kitu inaweza kuenda mapafu. Mimi kama ingekuwa ni mama yangu, ningempa."

"Na sisi wa nyumbani?" Zedekiah akauliza.

Hapo daktari akawaeleza kwamba kwa siku chache mwili wa Caren utakuwa unatoa mionzi. Watu wazima wangekaa mbali naye kidogo. Watoto na wajawazito wangekaa mbali kabisa. Zedekiah aliposikia neno wajawazito alishtuka, kwa sababu nyumbani kulikuwa na Ivyne, mke wa mwanawe Okinyi, ambaye tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana, na kulikuwa na Awuor, binti wa Ivyne, mtoto wa miaka miwili aliyezoea kulala kifuani mwa nyanya yake kila alasiri. Dana, ndivyo alivyomwita, kama Wajaluo wote wanavyoita nyanya zao.

"Nikimjengea chumba chake," akasema Zedekiah. "Mbao nzito, ya saiprasi."

Taranjit akatabasamu. "Mzee, mbao haizuii hii kitu. Inapita tu. Kinachosaidia ni umbali na muda. Akae mbali, na akae siku zile tutawaambia. Basi."

Umbali na muda. Zedekiah alifurahi moyoni, maana hivyo vyote viwili ni vitu vinavyoweza kuongezwa.

Chumba akakijenga hata hivyo. Mwanamume akiambiwa mkewe atakuwa hatari, na yeye ni seremala, utamwambia akae tu aangalie? Alikijenga nyuma ya nyumba, karibu na sukuma wiki, na sijui kama aliwahi kujenga kitu kingine kwa moyo ule. Mbao alizipiga randa zikakutana kama meno. Kila ufa aliuziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Alijua alichoambiwa, kwamba miale inapita, lakini mikono yake haikukubali kuacha nafasi. Dirisha aliliwekea kioo kisichofunguka, ili Caren aweze kumwona mtoto na asije akasahau akamfungulia. Chini ya mlango akapigilia ukanda wa mpira uliotoka kwenye gurudumu kuukuu. Halafu akachukua ubao mmoja mrefu, akaulaza juu ya nyasi, hatua nyingi kutoka mlangoni, nyingi kuliko zile alizotaja daktari. Ule ndio ulikuwa mpaka.

Caren alipoingia kukiangalia alipiga kuta kwa kiganja, akacheka. "Hapa hata mchwa lazima abishe hodi," alisema. Nyumba yao kubwa ilikuwa ya mabati, imejaa matundu, na upepo ulipita ndani ukitaka. Katika maisha yake yote hakuwahi kulala ndani ya nyumba iliyozibwa namna ile. Zedekiah naye hakuwahi kujenga nyingine kama hiyo, na hilo hakulifikiria hata mara moja.

Basi Caren akaenda hospitali, akameza dawa, akakaa siku zake katika chumba chenye kuta nene huku chakula kikisukumwa mlangoni. Waliporudi Mutuini alishuka kutoka kiti cha nyuma cha teksi, akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwake bila kumgusa mtu. Daktari alikuwa amewapa tarehe, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Jumapili hiyo ikifika, Caren atamshika mjukuu wake apendavyo.

Mwanzoni kulikuwa na vilio. Awuor hakuelewa kwa nini Dana yupo na hachukuliki. Alikuwa akikimbilia mlango, na Zedekiah anamdaka njiani, anamrudisha nyuma ya ubao, anamwonyesha: hapa tu. Ivyne akampa mtoto mchezo wa kumfariji. Wangesimama kwenye ubao, Awuor anapunga mkono, na Dana anapunga wa kwake pale kiooni. Mtoto akaupenda mchezo ule. Baada ya muda hakuhitaji kudakwa tena. Alifika kwenye ubao mwenyewe, akasimama, akapunga, akangoja apungiwe, akaenda zake kucheza. Zedekiah alimsifu kwa akili, akamnunulia mandazi. Caren alimwangalia akiondoka, na siku moja akasema kupitia mlangoni, "Ameshazoea kukaa bila mimi." Alisema kama mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha.

Ilikuwa Julai. Mnaoijua Mutuini mnajua Julai yake, ukungu unaoshuka asubuhi na kukataa kuondoka hadi saa sita. Na Caren alisikia baridi kuliko watu wote. Mtu aliyetolewa tezi ile, na vidonge vyake vya kufanya kazi ya tezi, vilivyosimamishwa kupisha dawa, ndiyo kwanza vimerudishwa, damu yake haipati joto upesi. Alivaa sweta mbili na koti la Zedekiah juu yake. Hakulalamika sana. Alikuwa akihesabu Jumapili yake, na alikuwa amekwisha kuikunja vizuri leso yake ya zambarau, ile ya kumbebea Awuor mgongoni, na kuiweka kichwani pa kitanda.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo, Zedekiah alikwenda hospitali peke yake kusikia majibu ya picha aliyopigwa Caren kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Taranjit alimpokea akiwa na furaha isiyofichika. Dawa ilikwenda mahali palipotakiwa. Hakuna kitu mapafuni. Hakuna kitu kwenye mifupa. "Mwambie kutoka Jumapili amshike mjukuu wake," daktari akasema. "Amebaki na vidonge vyake tu, kila asubuhi. Amepona, Mzee."

Zedekiah alitembea kurudi kazini miguu ikiwa myepesi. Laiti angekwenda nyumbani moja kwa moja. Lakini alikuwa na meza ya mtu ya kumalizia, akapitia kwa turubai, akamkuta Waithaka, fundi wa vyuma wanayegawana naye kivuli. Waithaka ni mtu mwema, mwenye shemeji katika kila nchi na hadithi katika kila shemeji.

"Wewe, hiyo dawa mimi naijua," Waithaka akasema aliposikia habari. "Shemeji yangu alipewa huko majuu. Wiki nyingi zikapita, akaenda airport, akapita kwa zile mashine zao. Mashine ikapiga kelele wee! Wakamweka kando kama gaidi. Hiyo kitu haitokangi haraka, Fundi. Ongeza siku."

Waithaka hakudanganya. Mashine za namna ile husikia hata mabaki madogo yasiyoweza kumdhuru mtoto aliye mapajani. Zimetengenezwa ziwe na masikio makali. Taranjit angemweleza hivyo kwa dakika mbili, na namba yake ya simu Zedekiah alikuwa nayo mfukoni. Hakupiga. Alijua angejibiwa kwamba Jumapili inatosha, na yeye alikuwa ameshaamua haitoshi. Alimfikiria Awuor. Alilifikiria tumbo la Ivyne. Wiki moja zaidi itamwumiza nani? Wiki moja tu, ya kupigia randa.

Ninamkasirikia kila nikifika hapa. Halafu najiuliza ni nani kati yetu hajawahi kumfungia mtu mlango kwa kumpenda, na hasira inapungua, ingawa haiishi.

Jioni alisimama kwenye ubao, akamweleza Caren majibu. Picha ni nzuri. Umepona. Caren alifunika uso kwa mikono yote miwili akalia, kilio cha kushukuru, na Zedekiah naye machozi yakamtoka. Kisha Caren akauliza, "Na Jumapili?"

"Daktari amesema tuongeze wiki moja."

Mwanamke yule aliyeweza kupigia kelele soko zima la Ngara aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulimuuliza vizuri?"

"Nilimuuliza, Mama Okinyi."

"Ni yeye mwenyewe amesema?"

"Ni yeye."

"Sawa." Akaichukua ile leso aliyokuwa ameiweka tayari, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa. "Kama ni daktari amesema, sawa."

Jumapili ikapita, watu wakaenda kanisani wakarudi. Awuor akafika kwenye ubao, akapunga, akapungiwa, akaenda kula. Jumatatu baridi ikazidi. Kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi, na Caren aliongea kutoka ndani huku meno yakigongana.

"Baba Okinyi, nipe hata jiko. Miguu yangu siisikii."

Kila mtu Nairobi amesikia habari za jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Zedekiah alikuwa amezisikia pia, redioni, kila Julai. Lakini walikuwa wameota jiko ndani ya nyumba yao ya mabati kwa miaka na mikaka, na hakuna aliyewahi hata kuumwa kichwa, kwa sababu matundu yale waliyokuwa wakiyalaani yalikuwa yakiwalinda bila wao kuyashukuru. Aliliwashia nje mpaka makaa yakawa mekundu na moshi ukaisha, akaliweka karibu na mlango, akarudi nyuma ya ubao. Akasema, "Ukishapata joto ulitoe nje." Caren akasema ndiyo. Akaliingiza, akafunga mlango, na ukanda wa mpira ukakaa vizuri mahali pake.

Asubuhi alimpelekea uji. Aliuweka kwenye stuli, akaita. Akaita tena. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, hakuona kitu. Uji ulikuwa ukitoa mvuke bado alipouvuka ubao na, kwa mara ya kwanza tangu Caren aingie, akaufungua mlango.

Caren alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukiegemea ukuta, leso ya zambarau magotini. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri kuliko siku zote za ugonjwa, kama mtu aliyetoka kuota jua, na kwa muda mfupi Zedekiah aliamini kwamba amelala. Kisha akamshika mkono. Jiko lilikuwa jivu tupu.

Kelele yake iliwaleta watu. Kaindi, jirani yao wa kanisani, ndiye aliyefika wa kwanza, na nyuma yake wanawake wengine wenye vitenge mabegani. Mmoja wao akapiga simu polisi. Kwa kawaida wangeingia mara moja, wamnyooshe mwenzao, wamfunge kidevu, wamfunike, wamlilie wakiwa wamemshika. Lakini walipofika kwenye ubao walisimama. Ni Zedekiah mwenyewe aliyekuwa amewaonya wote, nyumba kwa nyumba, kwamba mtu asivuke. Walisimama kwa mstari, mikono vichwani, wakimlilia Caren kwa mbali, na ndani Caren alikuwa bado ameketi vile vile, hakuna wa kumlaza.

Zedekiah alitoka akasimama mlangoni. Ivyne alikuwa amefika kwenye ubao, mkono mmoja tumboni, uso umelowa.

"Baba," akamwita, "ile wiki ya daktari bado haijaisha. Tunaweza kumshika?"

Wote wakamtazama. Angeweza kusema ndiyo, akanyamaza hapo, na hakuna ambaye angejua hata siku moja. Lakini Caren alikuwa nyuma yake, leso magotini, akingoja bado siku aliyoambiwa.

"Mshikeni," akasema. "Mngemshika tangu Jumapili. Daktari hakuongeza kitu. Daktari alisema amepona. Hiyo wiki ni mimi." Alitaka kuendelea, kueleza juu ya Waithaka, juu ya mashine, juu ya tumbo lenyewe lililokuwa mbele yake, lakini akayaacha hayo. "Ni mimi, mwanangu. Niliogopa."

Ivyne hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alimwangalia tu, kisha akainua mguu, akauvuka ubao, akampita mlangoni bila kumgusa, na kilio alichokitoa huko ndani kiliwavusha wengine wote. Walimlaza Caren. Walimshika mikono, miguu, uso. Kaindi alimtandikia ile leso kifuani.

Zedekiah aliuinua ubao kutoka kwenye nyasi. Ulikuwa umelowa na umekuwa mzito. Aliukokota, akautupa nyuma ya sukuma wiki. Pale ulipokuwa umelala pakabaki mstari mrefu wa nyasi zilizogeuka njano kwa kukosa jua.

Kelele zilimwamsha Awuor. Alitoka nyumba kubwa amevaa vile viatu vyake vikubwa, akakatiza uwanja akivikokota, akafika kwenye mstari wa nyasi za njano. Akasimama.

"Njoo," Zedekiah akamwambia. Alipiga magoti kando ya mlango, akanyoosha mikono. "Njoo, mama. Njoo umwone Dana. Sasa unaweza."

Mtoto akatikisa kichwa. Alijua mchezo. Aliinua mkono wake, akapunga kuelekea dirishani, akabaki amesimama pale pale akingoja apungiwe.